Fimbo ya kuvulia ikae wapi katika mtumbwi mwembamba

MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA

Hamjambo mlioko Kiziba, juu ya vilima vya Karongi. Hamjambo Mahama, karibu na mto Akagera. Hamjambo Nakivale, mnaolala na kuamka kando ya ziwa. Hamjambo Lusenda, upande wa Fizi, ambako Tanganyika haiko mbali, na ninyi wa Nyarugusu, ambao wengi wenu mlikulia ufukoni mwa ziwa hilo hilo.

Nazungumza nanyi kutoka Kimironko, hapa Kigali. Leo tunajibu swali ambalo limetufikia zaidi ya mara moja, kila mara kwa maneno tofauti kidogo. Muulizaji anasema hivi: nimepata mtumbwi wa kuazima, ni mwembamba, naingia peke yangu. Nataka kuburuta ndoana nyuma huku napiga kasia. Fimbo ya kuvulia niiweke wapi? Mbele? Nyuma? Pembeni?

Mtu asiyevua atasema, weka popote, samaki hajali. Ni kweli, samaki hajali. Lakini mtumbwi unajali sana. Mahali fimbo inaposimama ndipo samaki anapokushikia. Akikushika pabaya, chombo kitalala ubavu kabla hujamaliza kusema uko wapi.

Kabla ya kwenda mbali, tupite kidogo sokoni. Ukiingia soko la Kimironko utaona sambaza wakavu, wadogo, wenye kung'aa kama sindano. Hao wanatoka Kivu. Zamani Kivu haikuwa nao. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo nyumba nyingi za Rwanda na Kongo zinakula kwa sababu yao. Hawavuliwi kwa fimbo wala kwa kuburuta. Huvuliwa usiku, kwa taa na wavu. Lakini nataka mkumbuke vile vyombo vyao, kwa sababu ndani yake jibu la swali letu lipo.

Chombo cha sambaza ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti. Miti mingine mirefu inatokeza mbele na nyuma, kama pembe za mdudu. Wavu unaning'inia kwenye miti hiyo, taa zinawashwa, sambaza wanakusanyika, na wavu unapandishwa na watu wanaovuta kwa pamoja, mara nyingi kwa wimbo. Sasa tazama akili iliyomo. Uzito wote wa wavu uliojaa maji na samaki unavuta miti ya mbele na miti ya nyuma, kwa urefu wa chombo. Na kwa upande wa upana, mitumbwi miwili ya pembeni inamshika yule wa kati asilale.

Pwani ya Waswahili wamefanya jambo lilelile kwa njia yao. Ngalawa ina matengo, yaani mbao mbili zinazoelea kushoto na kulia, na kwa sababu ya matengo hayo mvuvi anaweza kuburuta mshipi wa kumvua nguru au jodari upande wowote anaotaka, na samaki akivuta kwa ubavu matengo yanamzuia.

Wewe msikilizaji mwenye mtumbwi mmoja mwembamba huna mitumbwi ya pembeni. Huna matengo. Una gogo moja lililochongwa, na upana wake labda hauzidi mabega yako. Kwa hiyo sheria yako ni moja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: samaki avute urefu wa chombo, asivute upana wake. Akivuta kuelekea mbele au nyuma, mtumbwi utateleza tu, utageuka, utamfuata. Akivuta kwa ubavu, utalala.

Naomba niseme pia kwamba kuburuta ndoana ni kazi ya samaki wawindaji, wale wanaokimbiza wenzao. Tanganyika kuna sangala na kuhe, na yule ambaye Warundi wanamwita mukeke na watu wa Kigoma wanamwita mgebuka. Ziwa Victoria kuna sangara. Kama uko Kivu, usipoteze usiku kwa kuburuta ndoana ukitafuta sambaza. Hawatakuja.

Haya, turudi kwenye fimbo. Wengi mmeziona zile boti ndogo za plastiki za mtu mmoja, kayaki, ambazo watalii huzipiga kasia Kivu na hata hapa karibu, ziwa Muhazi. Kayaki za kuvulia mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa na matundu mawili nyuma ya kiti, moja kushoto, moja kulia. Fimbo inachomekwa humo. Basi mtu akiona hivyo anadhani nyuma ndiko mahali pake, kwa sababu kiwanda kimeamua. Mimi naona matundu yale yanafaa kubebea fimbo mpaka mahali pa kuvulia. Kwa kuburuta, ukiwa peke yako, yana kasoro mbili kubwa.

Ya kwanza, huioni ncha ya fimbo. Ncha ndiyo inayokuambia kila kitu. Ikitetemeka kwa utaratibu, chambo kinacheza vizuri. Ikiacha kutetemeka, umeokota majani. Ikipinda polepole bila kurudi, umeshika mwamba au wavu wa mtu. Ikipinda ghafla na kupiga kichwa, ni samaki. Aliyeweka fimbo nyuma hayaoni hayo, anaendelea kupiga kasia nusu saa akiburuta kifurushi cha majani.

Ya pili ni mbaya zaidi. Samaki akishika, lazima ugeuze kiuno kuifuata fimbo mgongoni. Jaribu sasa hivi hapo ulipoketi: nyoosha miguu mbele, kisha fikia kitu kilicho nyuma ya bega lako. Umeona uzito wako ulikokwenda? Wote umekwenda upande mmoja. Na wakati huohuo samaki anavuta upande uleule. Wewe na samaki mmesaidiana kuupindua mtumbwi.

Faida ya nyuma ipo, nisiifiche. Kasia lako linakuwa huru kabisa, na uzi unatoka moja kwa moja nyuma, mbali na mikono yako. Ukivua wawili, na mwenzako ameketi nyuma anaongoza, fimbo inaweza kukaa kule kwake, kwa sababu anaifikia na anaiona. Lakini peke yako, hapana.

Weka mbele. Si mbele kabisa kwenye ncha ya mtumbwi, bali mbele ya magoti yako, mahali ambapo ukinyoosha mkono bila kuinama unaishika. Ilaze kuelekea mbele na nje kidogo, ncha yake isiwe juu sana. Hapo macho yako yanaiona bila kugeuka, na mkono wako unaifikia bila kuhamisha uzito.

Utaniambia kwamba fimbo iliyo mbele inagongana na kasia. Ni kweli, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kuirudisha nyuma. Kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza, keti mahali pako, piga kasia kama kawaida, na mwenzako aweke alama pale kasia linapofika mbele kabisa. Shina la fimbo likae mbele ya alama hiyo, au karibu nayo iwezekanavyo mradi unaifikia. La pili ni upande. Wengi wetu tunatumia kasia la ubapa mmoja na tuna upande tunaoupenda. Ukipiga kulia, fimbo iwe kushoto.

Lakini ujue utakalolipa. Ukipiga kasia kulia, ncha ya mtumbwi inakwenda kushoto. Na uzi unaoburutwa kushoto nao unaivuta ncha hiyo kushoto. Vitu viwili vinakugeuza upande mmoja. Usishangae ukijikuta unazunguka. Dawa yake ni kugeuza ubapa wa kasia kidogo mwishoni mwa pigo na kuusukuma maji nje, kama usukani. Anayepiga kayaki kwa kasia la ubapa pande mbili hana shida hiyo, ana shida nyingine: kasia lake linapita pande zote, hivyo fimbo lazima ilale zaidi na isogee mbele zaidi.

Kuhusu urefu wa ncha kutoka majini, watu hupenda kuisimamisha fimbo wima ili ionekane. Fikiria mti mrefu na mti mfupi, upi ni rahisi kuuangusha kwa kuvuta kamba iliyofungwa juu yake? Mrefu. Fimbo iliyosimama inampa samaki huo urefu wa kukuangushia. Ilaze.

MUZIKI MFUPI

Sasa wasio na fimbo. Najua ni wengi, pengine wengi kuliko wenye nazo. Mna uzi wa nailoni umezungushwa kwenye kipande cha mti, na mikono yote miwili iko kwenye kasia. Basi uzi unaufunga wapi?

Hapa jirani yangu kuna mzee aliyevua Baraka miaka mingi kabla ya kukimbia. Siku hizi anauza samaki. Nilipomweleza swali lenu aliacha kupanga samaki akaniuliza:

"Mwanangu, wanafunga mguuni?"

Nikamwambia, "Mzee, wengine wanafunga mguuni, ndiyo."

Akasema mdogo wake alikuwa akifunga kwenye kidole gumba cha mguu, ili asikie samaki akigusa. Kwa miezi mingi ilifaa. Usiku mmoja sangala mkubwa alishika. Uzi ule ukakaza, mguu ukavutwa juu ya ukingo, mtumbwi ukalala. Walimpata asubuhi akiwa ameukumbatia mtumbwi uliopinduka. "Alirudi hai," mzee akasema, "kidole hakikurudi." Akaendelea kupanga samaki.

Kwa hiyo uzi haufungwi mguuni, haufungwi mkononi, hauzungushwi kiunoni, haushikwi kwa meno. Wala usifungwe kwa fundo gumu kwenye ukingo wa pembeni, kwa sababu ukingo wa pembeni ndio upana wa chombo, na upana ndio tulioukataa. Upitishe katikati, kwenye ubao wa kukalia au mti unaokatiza mbele yako. Zungusha mara mbili tu bila fundo, kisha bana kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Samaki mdogo ataunyoosha mpira na utaona. Samaki mkubwa atauchomoa uzi kutoka kwenye mpira, utaanza kwenda, na wewe utakuwa na muda wa kuweka kasia chini na kuushika. Mwisho wa uzi, ule wa kwenye kipande cha mti, ufungwe kwenye kitu kinachoelea, kama chupa kubwa ya plastiki. Ukizidiwa, tupa yote majini. Chupa utaiona inakwenda, unaifuata kwa nafasi yako mpaka samaki achoke.

Mpira huohuo unamfaa mwenye fimbo. Kishikio hakihitaji kununuliwa cha kiwandani. Kipande cha bomba la maji la plastiki, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo, kinatosha kama shina la fimbo linaingia bila kubanwa sana. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza bomba hilo, na mafundi hubaki na vipande. Kifunge kwenye mti unaokatiza kwa mpira wa tairi, zungusha kwa kuvuta sana, pande mbili, kama unavyofunga msalaba. Usitoboe mtumbwi wa watu kwa msumari. Mti uliotobolewa huanza kuoza kwenye tundu, na mwenye mtumbwi hatakuazima tena. Kisha fimbo yenyewe iwe na kamba fupi inayoishika kwenye mtumbwi, kwa fundo linalofunguka ukivuta ncha moja. Fimbo ni mali, na ikivutwa majini usiku hutaiona tena.

Kama fimbo yako ina gurudumu la kukunjia uzi, legeza breki yake kabla ya kuanza kuburuta, kiasi kwamba ukivuta kwa mkono uzi unatoka kwa kusitasita. Breki iliyokazwa inaugeuza mtumbwi wako kuwa mbuzi aliyefungwa kamba.

Wengine wanauliza, je, naweza kuweka fimbo mbili? Unaweza, moja kila upande, na zote mbili mbele. Faida ni kwamba mvuto wa kushoto na kulia unalingana na mtumbwi unakwenda sawa. Ila uzi mmoja uwe mrefu na mwingine mfupi, la sivyo zitasukana. Na ukitaka kugeuka, geuka kwa duara kubwa. Uzi wa ndani ya duara hulegea na kuzama, wa nje huenda mbio. Wavuvi wazoefu wanalipenda hilo, maana samaki anayefuata chambo mara nyingi huamua kushika pale mwendo unapobadilika. Lakini kwenye maji ya kina kifupi uzi uliozama hunasa. Mimi ningemwambia anayeanza atumie fimbo moja mpaka mikono yake ijue kazi. Samaki akishika moja, ile nyingine inabaki majini ikikungoja kwa hila.

Na akishika? Acha kupiga kasia. Laza kasia juu ya mapaja, au bora zaidi liwe na kamba yake. Ketini chini, ninyi mnaopenda kupiga magoti au kusimama. Shika fimbo, elekeza ncha mbele au nyuma, kule samaki aliko, na uache mtumbwi ugeuke mpaka ncha yake imtazame. Akipita chini ya chombo kwenda upande wa pili, usimshindanie kwa ubavu, zungusha fimbo juu ya ncha ya mtumbwi na umfuate. Kisu kiwe mahali mkono unafika bila kutafuta. Kuna wakati ambao kitu cha busara ni kukata uzi. Ndoana inapatikana.

Ukipinduka, fimbo iache. Shika mtumbwi. Mtumbwi wa mti hauzami hata ukijaa maji, na kichwa chako juu ya mtumbwi kinaonekana mbali kuliko kichwa peke yake majini. Ufuko unaoonekana karibu usiku uko mbali kuliko unavyodhani, watu wengi wamezama wakiogelea kuelekea taa. Jaketi la kuokolea, lile wengine wanaloliita jile, livaliwe mwilini. Likiwa limekaliwa kama mto wa kiti halikuokoi.

Mama, na wewe unayebaki nyumbani, una kazi yako katika jambo hili. Muulize aendako, upande gani wa ziwa, na saa ngapi atarudi. Mkubaliane ni nani utakayemwamsha saa hiyo ikipita. Tanganyika, kuanzia Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini huja kwa nguvu na mtumbwi mwembamba hauna jibu lake. Akisema hali ya hewa ni nzuri, toka nje mtazame pamoja.

Mlioko Mahama na Nakivale, kuna viboko, na Akagera kuna mamba pia. Pembeni mwa mto au ziwa lenu, mtumbwi mwembamba wakati wa jioni na alfajiri si mahali pa kujifunzia. Nasema hivi nikijua kwamba mgao ukipungua maji yanavutia.

Na kabla ya yote, ruhusa. Hapa Rwanda kuvua ziwani kuna leseni na vyama vya ushirika vya wavuvi, na kuna miezi ambayo Kivu hufungwa ili samaki wazaane. Mkimbizi mwenye kitambulisho anaruhusiwa kufanya kazi, lakini ziwa lina wenyewe wanaolisimamia. Pita kwa viongozi wa kambi, uliza chama cha wavuvi kilicho karibu, jitambulishe. Wengine wameanza kwa kupiga kasia au kuvuta wavu kwa malipo ya samaki, na huko wakajifunza maji ya mahali hapo kwa usalama kuliko kuingia peke yao usiku. Aliyekamatwa bila ruhusa hupoteza uzi, fimbo, na pengine mtumbwi ambao si wake.

Wanaosoma maandishi haya katika vikundi vya wasikilizaji wanaweza kufanya jaribio nchi kavu wiki hii. Chukueni benchi jembamba, mtu mmoja aketi juu yake akiwa amenyoosha miguu, ashike fito. Mwingine avute kamba iliyofungwa kwenye ncha ya fito, kwanza kutoka mbele, halafu kutoka nyuma ya bega, halafu kutoka ubavuni, fito ikiwa imelala na kisha ikiwa imesimama. Fanyeni kwenye mchanga au majani, mtu asiumie. Wenye mtumbwi wafanye pia ufukoni, maji yakiwa mafupi ya kiunoni, mchana, na watu wawili wakiwa wamesimama majini kando.

Wiki ijayo tutazungumza na kina mama wanaokausha samaki kwa jua badala ya moshi. Maswali yenu yapelekeni kwa kiongozi wa kikundi chenu cha wasikilizaji kabla ya Alhamisi.

MUZIKI WA KUFUNGA